Kibao cha Ziwa la Kuchimbwa

Waliniita Jumanne. Nilikuja na makopo matatu:
nyeupe, nyeusi, na nyekundu kidogo
iliyobaki nilipopaka bucha la Mwaringa.
Meneja Swabri alinisubiri kando ya ziwa,
ziwa la tingatinga, umri wake miezi minane,
mchanga wake umeletwa kwa malori,
pweza wa plastiki amelikumbatia
kwa miguu minane ya kuteleza watoto.
"Andika USIOGELEE.
Herufi za mviringo, zenye adabu.
Wageni wamelipia furaha."

Kwa nini wasiogelee?
Fundi wa vibao lazima aulize;
neno lisilo na sababu hukauka vibaya.
Akatazama viatu vyake.
"Maji ni machafu kidogo."

Yalikuwa safi kuliko ya bomba letu Kisumu Ndogo.

Aliyeniambia ni Dama Ngala,
ambaye ndiye kitengo kizima cha wanyama:
mtu mmoja, buti, tochi.
Masika yale Sabaki ilifura,
ikalala kwenye mahindi ya watu siku tisa,
ilipoondoka ikaacha kambare uwanjani kwa mpira,
na kitu kingine
kikafuata mfereji hadi huku.
"Njoo usiku," akasema, "uone unachokiandikia."

Nikaenda. Pampu zimezimwa,
pweza yuko kimya, hana maji mguuni.
Dama akapitisha mwanga juu ya ziwa polepole,
kama anayetafuta sindano kwenye mkeka.
Makaa mawili yakawaka.
Yakazima.
Yakawaka karibu zaidi.

"Jicho hadi pua, inchi saba.
Basi huku nyuma kuna futi saba.
Hana ubaya huyu. Ana njaa tu.
Ubaya ni ule pale,"
akamulika baraza la mgahawa.
"Wanamrushia vibanzi na vichwa vya kuku wapate picha.
Mamba aliyelishwa kwa mkono huuzoea mkono.
Siku moja hatajua chakula kinaishia wapi,
kidole kinaanzia wapi."
Aliomba waya uzikwe nusu mita ardhini.
Aliomba ufuo ufungwe kabla ya magharibi.
Barua tatu. Jibu moja:
msimu upite kwanza.

Asubuhi nilikuwa kwenye E ya mwisho
mtoto alipokuja na ndoo ya buluu,
meno ya mbele hana, miaka sita hivi.
Akakisoma kibao changu kwa kidole,
U, si, o, ge, le, e,
akaridhika,
akanipita,
akachuchumaa ukingoni.

"Wee! Hujasoma?"

"Nimesoma. Siogelei mimi. Nachota tu."

Na alikuwa amenitii, herufi kwa herufi.

Sikumbuki kushuka ngazi.
Nakumbuka shati lake likichanika kwapani,
ndoo ikielea peke yake,
ikizunguka, ikizunguka,
na maji ambayo hayakutikisika hata kidogo.
Mpaka leo sijui kama alikuwepo.
Mama yake alinitukana kwa sababu ya shati.
Nilimwitikia: ndiyo mama, ndiyo.

Kisha nikafungua kopo la bucha.
Sikupima, sikupiga mstari.
MAMBA.
Herufi tano, kila moja urefu wa mkono wangu,
na chini yake, kwa nyeusi:
usikaribie maji, hata kwa ndoo.

Swabri alikata nusu ya ujira wangu.
Kufika adhuhuri wageni walikuwa wamerudi nyuma hatua ishirini
bila kuambiwa na mtu,
wakipiga picha kibao kuliko pweza.
Kufika Alhamisi lori likaingia na waya.

Ijumaa Dama na vijana wanne walimtoa,
taya limefungwa mpira wa baiskeli,
kitambaa kibichi juu ya macho asiogope.
Nilishangaa. Asiogope.
Akakaa naye nyuma ya pikapu hadi Sabaki,
kiganja chake juu ya mgongo ule,
kama mtu anayesindikiza mgonjwa.

Aliporudi nilimuuliza: nikifute sasa?
Akakung'uta matope ya buti.
"Akitoka mamba huingia ngwena.
Na hiyo M ya pili imechuruzika."

Nikapanda ngazi kupaka mkono wa pili.