Masharti ya Chumba cha Ijumaa

Mimi ndiye niliyeyaandika masharti,
kwa kalamu nene ya bluu, juu ya katoni ya feni,
nikayabandika ukutani, Ruwi, ghorofa ya pili,
juu ya duka la vipuri vya viyoyozi:

Salamu kwanza. Mtu mmoja, swali moja.
Taja mji, taja mwezi, taja ulichokwisha kujaribu.
Hakuna kumcheka mwenzio.

Tuna saa mbili tu, baina ya sala na basi la Barka,
na watu arobaini wameketi juu ya ndoo za rangi,
kila mmoja na bahasha yake kwapani.
Bi Shinuna hutaka adabu:
"Ulimi mchafu hautoki hapa na jibu."
Karisa, dereva wa lori la maji, hutaka swali lililonyooka:
"Swali lisilo na kichwa hula muda wa lenye miguu."
Nami kati yao, na daftari,
nahesabu dakika kama mwenye duka anayehesabu chenji.

Ijumaa ile alitangulia Bwana Nasibu wa Sohar,
kanzu imepigwa pasi mpaka inakata.
Alituamkia mmoja mmoja, akaulizia wazee wetu na wagonjwa wetu,
akamwombea dua hata fundi wa lifti,
lifti ambayo haijawahi kupanda.
Dakika ishirini na tano. Kisha akauliza
kama tunajua panapouzwa mihogo isiyo michungu.
Hakuvunja sharti hata moja.

Halafu Kadzo.
Hakupiga hodi. Viatu vya jikoni,
mkono una lengelenge la mafuta.
"Nitatokaje?" akasema, kama anayemfokea mtu.
"Kutoka wapi?" Karisa. "Lini? Kwa nani? Swali gani hilo?"
"Na salamu je?" Bi Shinuna.
Nikanyoosha kidole ukutani. Mimi. Kidole hiki.
Alisoma mstari wa kwanza, akageuka.

Mwenye maji shingoni hapigi hodi.
Hilo nililijua tangu kwetu;
nililisahau kwenye ngazi ya ngapi?
Nilizihesabu nikishuka mbio: thelathini na nne.

Nilimkuta kwenye kivuli chembamba cha mashine ya pesa,
joto limekaa juu ya lami kama kifuniko.
Nikanunua chai ya maziwa, vikombe viwili. Sikuuliza kitu.
Cha pili kilipofika ndipo swali likaanza kukunjika,
kona baada ya kona, kama manda ya sambusa:
pasipoti imo kabatini kwa mwajiri,
kabati lina ufunguo, ufunguo una shingo ya mtu,
mkataba uliisha mwezi wa Shaabani,
mama yuko Kaloleni, kitandani, hawezi tena kumeza.
"Basi," nikamwambia, "hilo ndilo swali."
"Ndilo nililouliza," akanijibu.

Tulipanda pamoja. Karisa alisikiliza, akavua kofia,
akajibu kwa dakika nne: namba ya ofisi, jina la karatasi.
Kisha akaninong'oneza bila kunitazama:
"Umeona? Likinyooka, hujibika."
Na watu saba walirudi na bahasha zao zimefungwa,
kwa kuwa basi la Barka halingoji.
Hao sina neno la kuwaambia.

Usiku niliibandua katoni.
Sikufuta kitu. Chini, kwa kalamu iliyokaribia kukauka,
niliongeza: Asiyejua kuuliza aketi na anayejua.

Bi Shinuna anasema mwandiko ni mbaya.
Karisa anauliza aketi wapi, ndoo zimekwisha.