Daftari la Kichwa

Daktari alimpa Musembi daftari la kurasa thelathini na mbili,
akamwambia: andika siku, andika saa,
andika kilichokiamsha kichwa,
na uchungu wake, kutoka sifuri hadi kumi.
Lakini karatasi nyeupe humchoma macho,
mistari humtambalia kama siafu,
kwa hivyo anayeandika ni mimi, Nduku,
kwa kalamu ya Mwende wa darasa la tano.

Jumatatu, saa kumi alfajiri.
Hakuna kilichokiamsha. Kilikuwa macho kabla yetu.
Nimemkuta sakafuni, bafuni,
paji la uso ameliegemeza kwenye ndoo ya maji baridi.
Nikamuuliza, ngapi? Akasema, nne.
Nimeandika tisa.

Jumanne, saa nne asubuhi.
Fundi wa mageti, hapa hapa Kariobangi, ploti ya pili.
Nyundo moja tu, ile ya kwanza,
na mume wangu akawa chini ya meza pamoja na uji.
Uji nimeufuta. Yeye ametoka saa sita.
Fundi alikuja kuomba radhi, kofia mkononi,
akauliza kama anaweza kugonga polepole.
Chuma, ndugu yangu, hakigongwi polepole.
Nne, amesema tena. Daima nne.
Nadhani jeshini nne ndiyo namba ya mwisho
mtu anayoruhusiwa kuitamka akiwa amesimama.

Jumatano.
Mvua juu ya mabati, usiku kucha.
Sikuandika. Viganja vyangu vilikuwa masikioni mwake
na mtu hana mkono wa tatu.

Alhamisi. Daktari, hili hukuliuliza.
Gari lake lilikuwa la tatu, huko ng'ambo ya Liboi.
Lililokanyaga ni la pili.
Hakutoka damu. Aliwavuta wenzake, akahesabu viatu,
jioni akala maharagwe kama kawaida.
Fomu ilikuwa na nafasi ya mguu, ya mkono, ya jicho.
Akajaza: hakuna, hakuna, hakuna.
Kichwa kilikuja miezi saba baadaye,
kama mgeni aliyekosa basi,
na mizigo yake yote,
kikahamia nyuma ya jicho la kushoto.

Mama yake anapiga simu kutoka Mwingi: ni kijicho cha watu.
Shemeji anasema ni pombe.
Mtu asiyeweza hata soda ya chupa,
kwa sababu ya ule mlio kifuniko kikitoka!
Katika nyumba hii sufuria huvikwa kitambaa kabla ya kufunikwa.
Mwende hufunua kurasa za kitabu kama mwizi.
Pazia ni blanketi, na mchana wetu una rangi ya chai.
Wahenga walisema, kitanda usichokilalia
hujui kunguni wake.
Mimi hiki nakilalia.
Nawajua kwa majina, maana huwaita usingizini:
Lemayan. Wekhomba. Yule dereva kijana,
Ekidor, aliyependa njugu.
Saa nane usiku huwaita mmoja mmoja, kama gwaride,
kisha hungoja waitike.
Siku moja, Mungu anisamehe, niliitika mimi.
Alilala hadi jua likawaka.

Ijumaa.
Ameamka, amemenya viazi,
vya leo, na vya kesho ambavyo sikumwomba.
Fundi amegonga chuma, na yeye ameinua uso tu
kama mtu aliyesikia jina linalofanana na lake.
Amemsuka Mwende nywele. Vibaya.
Mwende amekataa nisizifumue.
Nikauliza, ngapi?
Akafikiri muda mrefu, kisu mkononi, ganda likining'inia.
Akasema, Nduku, hebu toa hilo blanketi dirishani.

Ukurasa wa Ijumaa nimeuacha mtupu.
Daktari atadhani nilisahau.