Hata kwa Saa Moja

Swali la saba walilitunga watu waliokaa kwenye feni:
Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote
ya malipo au faida, hata kwa saa moja?
Ninapanda nalo Ntyuka, limo ndani ya kishikwambi,
chaji asilimia arobaini,
vumbi limewahi kioo kabla ya kidole changu.

Mbukwenyi, mama.
Mama Chilewa hainui kichwa. Nyundo inajibu kwanza.
"Kazi sina, mwanangu. Napasua kokoto tu."
Hilo "tu" halina kisanduku.
Amepasua tangu alfajiri, lundo limemfika kiunoni,
kidole gumba amekifunga kwa mpira wa baiskeli,
na lori la Mtumba huja likijisikia.
Nabonyeza: NDIYO, amejiajiri.
Kishikwambi kinafurahi, kinafungua ukurasa mwingine:
Je, unachangia mfuko wowote wa pensheni?
Anacheka mpaka nyundo inamponyoka.

Nkuhungu, nyumba ya vyumba sita, mlango wa nne.
Ndahani ana shahada ya mipango ndani ya bahasha ya kaki,
bahasha ndani ya begi,
begi chini ya kitanda cha shemeji.
"Andika hana ajira."
Namuuliza kama mwezi huu ametafuta.
"Mwezi huu nimepumzika kutafuta. Nauli imekata."
Nasoma maelekezo mara mbili, nikiomba niwe nimekosea.
Wapi. Asiyetafuta hajakosa.
Namweka nje ya nguvu kazi
pamoja na vikongwe, wagonjwa na wanafunzi,
naye ananisindikiza mpaka barabarani
kwa adabu ya mtu mwenye nafasi tele.

Mpunguzi, mizabibu imepogolewa, imebaki mifupa.
"Wiki hii?" anasema Malogo. "Mimi na mzabibu tunangojana."
Zabibu za msimu uliopita zilingoja gari la kiwanda
siku nne, zikaanza kujigeuza mvinyo ndani ya kreti,
nyuki wakalipwa kabla yake.
Nabonyeza: hayupo kazini kwa muda.
Huo muda namwachia aupime mwenyewe.

Chedego nimemkosa nyumbani mara mbili.
Namkuta Mtumba, getini, kofia mkononi.
Vigae vya ghorofa ya tatu kavipanga yeye,
anakikumbuka hata kile chenye ufa, nyuma ya mlango wa choo,
alichokigeuza ili ufa utazame ukuta.
Leo mlinzi anataka kitambulisho.
"Niandike vyovyote," ananiambia, "ila uandike nadai."
Nimepekua kurasa zote.
Hakuna pa kuandika nadai.

Siku ya ishirini na moja narudisha kishikwambi.
Mtunza stoo anakigeuzageuza, anatafuta nyufa,
anasaini kuwa ni kizima.
Mimi hanigeuzi.
Fulana yenye nembo naikunja, naiacha mezani.
Mwakani michoro itatoka, nguzo za bluu na kijani,
na ile ya wenye kazi itakuwa ndefu, wataipigia makofi;
nami nitakuwemo humo, siku zangu ishirini na moja,
nimebanana bega kwa bega na nyundo ya Ntyuka.

Niko kituoni, simu inaita. Namba ngeni.
"Mwanangu, ni mimi wa kokoto.
Ule mfuko ulioutaja juzi,
ofisi yake iko mtaa gani?
Wanapokea hata mia tano mia tano?"
Nyuma yake mlio haujakatika;
kuna mtu anapasua wakati yeye anauliza.
Nafungua mdomo, salio lake linakata.

Jibu lenyewe silijui.
Navuka barabara kutafuta vocha.