Goti la Etelka

Mkanda una dakika kumi na tisa, na umeanza kuota ukungu.
Aliyepiga picha alisimama nyuma ya bwana mwenye kofia,
na kofia ile imetuibia mkono wa kushoto
kwa sekunde kumi na moja.
Mengine yote nimeyaandika.

Daftari langu husomwa kutoka chini kwenda juu, jinsi mche unavyoota:
mstari wa kati ni uti wa mgongo,
weusi ni chini, nukta ni katikati, michirizi ni juu.
Mali bila daftari, unajua inavyoishia.
Mtunzi amezikwa Szeged, na maiti haulizwi sanda,
sembuse kidole.

Basi nikamleta Etelka, miaka themanini na miwili,
kwa tramu, ndani ya makoti mawili.
"Mkono ulifanya nini hapa?"
"Sikumbuki."
Nikampigia ule muziki. "Sikumbuki, nimekwambia."
Akaomba chai. Nikampa kikombe kwa mkono wa kulia,
na wa kushoto, wenyewe, bila kuulizwa,
ukapanda hadi sikioni, ukageuza kiganja nje,
ukashuka taratibu, kama wa mtu azimaye taa chumbani mwa mtoto.
Penseli sikuwa nayo. Niliandika kwa wanja.

Kisha akaingia Bendegúz, ana miaka ishirini na mitatu,
akatuchezea yote aliyojifunza kwenye mkanda:
mzunguko, anguko, na ile hatua ya saba,
kuchechemea kule
ambako gazeti moja lilikuita kilio cha taifa zima.
Etelka akacheka hadi chai ikamwagika.
"Mwanangu, hilo ni goti langu!
Januari ile jukwaa lilikuwa barafu tupu. Nilianguka mazoezini,
nikacheza na bendeji chini ya soksi."

Bendegúz akautazama mguu wake mzima
kama mtu aliyerithi deni.

"Niifute?" nikauliza.
Etelka alikuwa akitafuta glavu zake.
"Usiku ule alinifuata nyuma ya pazia.
Hakusema kitu. Alikuwa analia.
Lakini yule, hata supu ilimliza."

Raba iko hapa. Penseli iko hapa.
Tangu Jumanne nimekaa nazo.
Mguu wa kulia, alama nyeusi, imechelewa nusu ya pigo.
Pembeni nimeandika neno moja, dogo: goti.
Atakayekuja aamue mwenyewe,
kwa magoti yake.