Kaptura Isiyo na Mfuko

Sikuanza upande wa haki. Hilo nilitangulize.
Miaka kumi na mmoja, kila Ijumaa,
kijana wa genge aliingia dukani kwangu, hapa Soyapango,
akanyoosha kiganja, nami nikakilipa.
Don Abelino, fundi viatu, alichelewa wiki mbili.
Tulimzika kwa michango.
Kwa hiyo wanajeshi waliposhuka kwenye malori
nilipiga makofi hadi mikono ikawasha.
Mkuki ulikuwa kwa nguruwe.

Siku thelathini tu, walisema bungeni.
Polisi amchukue amtakaye, bila hati, bila wakili,
siku thelathini, nchi ivute pumzi.
Zikaisha. Wakanyoosha mikono, wakaongeza.
Zikaisha.
Siku hizi mimi nahesabu kwa kaptura.

Maana ndizo nizishonazo.
Zamani sare za shule, marinda ya buluu, kola ngumu.
Sasa kaptura nyeupe za mahabusu:
zisiwe na zipu, zisiwe na kamba,
zisiwe na mfuko.
Kina mama huzinunua alfajiri kabla ya basi,
pamoja na sabuni na dawa ya meno,
wakakabidhi kifurushi langoni kwa mlinzi
asiyesema kama mwenyewe yu hai.

Rutilio alikuwa mkataji wangu.
Miaka kumi na tisa, mkono mwepesi, mwoga wa mbwa.
Nilimtuma vifungo, Jumatano, jua likizama.
Walimkamata kwa tatuu ya kifundoni: Nohemi.
Nohemi ni mama yake.
Nilipeleka daftari la mishahara kituoni,
nikamwonyesha karani sahihi za kila Jumamosi.
Alinitazama kama namuuzia samaki wa jana.
Watahukumiwa mia tatu kwa mpigo, akasema,
kwenye skrini. Miaka ishirini, labda thelathini.
Alisema "labda" huku akitafuta kifuniko cha kalamu.

Wiki iliyofuata sajini akaleta suruali.
Imembana.
"Nipanulie, Mama Eduviges. Inchi mbili."
Alipoondoka nikaipapasa mifuko, desturi ya fundi,
nikakuta karatasi:
Jumatatu, sita. Jumanne, sita.
Jumatano, tano,
na ile tano imekatwa kwa wino mwekundu,
juu yake imeandikwa sita.

Nilikaa. Cherehani nayo ikakaa.
Kisha nikampanulia, kazi ni kazi,
nikarudisha karatasi palepale,
ila kwanza niliinakili kwa sindano
upande wa ndani wa aproni yangu, tarakimu kwa tarakimu.

Jumapili tulikuwa wanawake kumi na saba, na padri mmoja mwenye kikohozi.
Kila mmoja na ufito, kila ufito na kaptura nyeupe,
na kila kaptura niliitia mfuko,
na ndani ya mfuko, jina.
Askari walitupiga picha, uso baada ya uso.
Nilivaa aproni yangu ndani nje.

Ng'ambo ya barabara alisimama mjane wa Don Abelino.
"Na mume wangu," akapaza sauti,
"nani alimwandamania?"

Hakuna. Hata mimi.
Nilimwambia hivyo. Sikuwa na jingine.
Hakuvuka. Hakuondoka pia.
Hadi tunakunja kaptura alikuwa bado pale,
mkoba kifuani,
akisoma tumbo langu.