Kundi la Pili

Tuliwaamsha saa sita za usiku,
maana minyoo ya matende haitembei mchana.
Hujificha ndani kabisa, mapafuni huko,
mpaka mbu waanze kazi, ndipo nayo ishuke
kwenye vijishipa vya ncha za vidole.
Basi nasi tukawa watu wa usiku, Tongoni:
tochi, sindano, vioo vyembamba vya kupimia.
Mbwa walibweka. Nyuma ya dirisha
mtoto alinong'ona, "Mumiani."

Bi Mwanashamba alinipa kidole.
"Chukua. Lakini jibu ulilete mchana,
nikiwa na akili zangu."
Nikaandika 0417.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa mnene kama kinu,
na kila mwezi mtoki ulimlaza siku nne,
akitetemeka chini ya khanga tatu.

Kapsuli ya kijani kila asubuhi, mwaka mzima.
Nusu ya watu dawa, nusu unga mtupu,
wala mimi mgawaji sikujua nani kapata nini;
siri ilifungiwa kwenye bahasha Dar es Salaam.
Na wote, bila kuchagua, tuliwafundisha kunawa:
beseni, maji safi, sabuni ya mche,
kisha kausha katikati ya vidole, taratibu,
kama unafuta kikombe cha mgeni,
na kidole cha mwisho usikisahau.
Nilifundisha huku nikitazama saa.
Kwangu hilo lilikuwa la kujazia fomu.

Bahasha ikafunguliwa ukumbini, kwenye kiyoyozi.
Makundi mawili, homa zimepungua kwa nusu,
kote kote sawasawa.
*Hakuna tofauti ya maana*, ukuta ulisema.
Mtu wa kiwanda cha dawa akafunga kompyuta yake.
Tukala kuku. Ripoti ikapigwa chapa.

Nilichelewa miaka miwili, lakini nilirudi mchana.
Nilimkuta anachambua dagaa, mguu juu ya kigoda.
"Bibi, ulikuwa kundi la pili.
Kapsuli zako hazikuwa na kitu."

Alinyamaza. Akatoa kichwa cha dagaa mmoja, wa pili.
"Mwaka mzima naisomea Bismillahi,
kumbe nasalimia kanzu isiyo na mtu ndani!"
Akacheka mpaka akashika ubavu.
Kisha akauliza,
"Na sabuni? Nayo ilikuwa ya uongo?"
"Sabuni ilikuwa kweli, bibi."
"Basi mbona mliondoka nayo?"

Nimelibeba swali hilo mpaka zahanati.
Nesi Mhina akanionyesha mwongozo mpya wa wizara,
mzito, una harufu ya gundi.
Ukurasa wa thelathini na nane:
*Mgonjwa ashauriwe kunawa.*
Ashauriwe. Na nani, kwa maji yapi, haukusema.
Bomba la zahanati limekauka tangu Rajabu.
Dawa ina kifungu chake kwenye bajeti,
lakini sabuni si dawa;
sabuni iko "matumizi mengineyo",
pamoja na chai ya wageni.

Nikaandikia halmashauri barua ya ukurasa mmoja:
watu sitini na mmoja,
miche miwili kwa mwezi kwa kila mguu,
beseni, taulo ndogo, bomba litengenezwe.
Nikapiga hesabu: kwa mwaka, haifiki
gharama ya ule ukumbi na wale kuku.
Jibu lilikuja na muhuri:
*Imepokelewa.*

Sijui itafika wapi. Nitaandika nyingine.

Ila jioni ile, kabla sijaondoka,
Bi Mwanashamba alitoa mche wa sabuni mfukoni,
akaukata kwa uzi vipande vinne,
kimoja cha wiki hii, vitatu vikarudi kwenye kopo.
Akamimina maji ya kisima aliyochemsha, yakapoa.
Akanawa. Akafuta kwa pindo la khanga kuukuu,
kidole kwa kidole.
Akanitazama:
"Mwalimu, nimesahau kipi?"

Hakuwa amesahau hata kimoja.