Moja Maana Yake Hakuna

Mwanamke wa ndani ya gari huongea Kijapani.
Nikizungusha ufunguo hunisalimu, sijui kwa maneno gani,
nami humjibu kwa Mashi. Tulikuwa tunaelewana.
Ila wiki ya tatu hii taa ya njano inapepesa
kama jicho lililoingiwa na mchanga,
na gari limeng'ang'ania gia ya tatu,
na gia ya tatu haipandi Mulengeza.

Aliyekulia Bukavu hahitaji kuelezwa.
Hapa hakuna mtaa, kuna mpando na ubavu wake:
makaa yanapanda, ndoo inapanda, bibi harusi anapanda
viatu mkononi,
na siku ya mvua marehemu hubebwa na kumi na wawili
badala ya sita.
Basi nilipanda kwa rivasi.
Shingo imepinda, mkono nyuma ya kiti,
matako ya gari yakitangulia kama mgeni asiye na adabu,
na watoto wa Ntakwinja kando ya mfereji
wakipiga makofi: Mama Sista anarudi alikotoka!

Fundi Bisimwa hakuinama.
Alisikiliza, mikono mfukoni, akatoa hukumu:
"Buati imekufa, Mama. Dola mia sita."
Mimi ni muuguzi. Miaka ishirini na sita
nimeshika vifundo vya mikono saa tisa za usiku,
na sijamfunika mtu shuka usoni
kwa kuambiwa tu kutoka mlangoni.

Jumapili, baada ya misa, nilitandika kartoni chini.
Nikachomoa betri, waya mweusi kwanza.
Mawe manne kwenye matairi, na la tano la roho yangu.
Mume wangu Mugaruka alishika tochi
akamulika kila kitu isipokuwa kitu.
Nilikipata kwa vidole, si kwa macho:
ubavuni mwa giaboksi, kinene kama kidole gumba,
bolti moja, spana namba kumi.
Vitabu hukiita kihisi, Kadutu hukiita kaptere.
Kazi yake ni yangu:
kukaa kimya kando ya kinachozunguka
na kuhesabu mapigo.

Kipimo cha mpwa wangu Cishugi, fundi simu,
kikaandika 1.
Alikuwa ameshaniambia: moja maana yake hakuna.
Waya umekatika ndani, hesabu haifiki.
Kumbe gari halikufa. Halikujua tu linakwenda kasi gani,
likaogopa, likashika gia moja
kama mtu anayeshika ukuta umeme ukikatika.
Nawajua watu wa hivyo. Sijawaita wafu.

Mafuta mekundu yalinidondokea shavuni.
Kihisi kiligoma, nikakizungusha polepole, kushoto, kulia,
kama unavyomgeuza mtoto aliyekaa vibaya,
kikatoka na ndevu za chuma kwenye ncha,
unga wa miaka, sumaku imeukusanya bila kutumwa.
Kipya, yaani cha gari lililokufa kweli, la Nyawera,
dola kumi na nane, kimefungwa karatasi ya daftari la imla
(mtoto amekosea neno "mvumilivu" mara tatu),
nilikipaka mafuta kwenye mpira wake
nikakisukuma mpaka kikasema tik.
"Kimeingia?" akauliza Mugaruka, akimulika mbwa.

Nilipowasha, yule mwanamke alisema yaleyale,
kama vile hatukuwa tumegombana.
Moja. Mbili: nikaisikia ikibadilika, laini,
mzigo ukihama bega hadi bega.
Watoto wa Ntakwinja walikuwa wamekaa mferejini
wakisubiri sinema yao.
Nilipopita nikitazama mbele, wakanuna.

Jumatatu, wodini, mzee mmoja alizitazama kucha zangu
nikiwa nimemshika mkono.
"Sista, umetoka shamba?"
Nikamwambia anyamaze, nahesabu.